Mstari wa Mkaa

Uchochoro mzima ulijua kwamba dawa ya Mama Gaudens haishukuriwi. Ukipewa majani ya mpera ya kufunga tumbo, unapokea kwa mikono miwili, unanyamaza, unakwenda zako. Ukijisahau ukasema asante, Mama Gaudens anakupokonya kifurushi, anakirudisha ndani na kukuambia uje kesho uanze upya. Ndivyo bibi yake alivyomfundisha kule Muleba. Mti ndio umeponya, na nyuma ya mti yuko aliyeuotesha. Asante ikiishia kwa mtu wa katikati, dawa inalala.

Jina lake la ubatizo lilikuwa Demetria. Alikuwa ameishi Vingunguti miaka ishirini na miwili, karibu na machinjio, mahali ambapo ndege za abiria hupita chini sana hata mazungumzo yakasimama kidogo, kisha yakaendelea palepale yalipokatikia. Hakupenda kuitwa mganga. Ramli hakupiga, hirizi hakufunga, na kabla ya kuchuma jani lolote alifanya ishara ya msalaba, akasema Baba Yetu moja. Uani kwake palikuwa na mwarobaini mkubwa, mlonge mmoja mwembamba, mishubiri kwenye makopo ya rangi, na kivumbasi kilichojiotea kando ya ukuta. Watu walimjia na majipu, fangasi za vidoleni, vikohozi, na vidonda vilivyoingia uchafu.

Lakini si majani yaliyompa heshima. Majani kila mtu anayajua. Kilichompa heshima ni mstari.

Mtu akija na mguu uliovimba, Demetria alipitisha mgongo wa vidole vyake juu ya ngozi, polepole, akitafuta mahali joto linapokoma. Hapo alichukua kipande cha mkaa, akazungusha mstari. Kisha alisema maneno yaleyale aliyomwambia kila mtu, mkubwa kwa mdogo: "Ndani ya mstari ni pangu. Moto ukitoka nje ya mstari, ni pa daktari. Usinipigie hodi mie, kimbia hospitali." Wengi aliwafukuza kwa maneno hayo, wengine wakilia, wengine wakimtukana. Wakarudi baadaye wakiwa hai. Katika miaka yote ile hakuna aliyefia mikononi mwake, na kila Jumapili alimshukuru Mungu kwa jambo hilo kabla ya kuomba jingine lolote.

Jirani yake wa ukuta kwa ukuta alikuwa Mzee Talha, Mzaramo, mchunaji wa ngozi machinjioni. Mkewe Shamimu, mama wa Mudathir, alikuwa mpambaji. Maharusi wa Vingunguti, wa Buguruni, hata wa Temeke walipelekewa Shamimu awachore hina na piko nyeusi, kwa sababu mkono wake haukutetemeka. Angeweza kuzungusha ua kwenye kifundo cha bibi harusi huku anasimulia kisa cha kuchekesha, na mstari usiyumbe.

Jumatano moja, baada ya adhuhuri, Shamimu alibisha ukutani kwa kata, kama ilivyokuwa kawaida yao.

"Mama Gaudens! Njoo umuone shemeji yako. Ana mguu huo, kaufanya siri toka juzi."

Demetria alimkuta Talha amekaa kwenye mkeka, mguu wa kulia ameunyoosha juu ya mto. Jumatatu, akiwa anarudi kutoka kazini, kibanzi cha mfupa kilipenya kandambili kikaingia unyayoni. Alikichomoa mwenyewe, akakitupa, akasahau. Sasa mguu ulikuwa umejaa mpaka vidole vimetengana, na ngozi ya juu ilikuwa inang'aa.

"Shemeji," Talha alisema, "umekuja na majani au umekuja na digrii? Nyie Wahaya hata mwarobaini mnausomesha chuo kikuu."

"Digrii nimeiacha mlangoni, usije ukaikanyaga na hilo guu kama mkate wa kumimina. Mzaramo ukiumwa unangoja nini? Unangoja ngoma ipigwe?"

"Nilikuwa nangoja lipoe."

"Waitu! Limepoa hilo?"

Talha alicheka, lakini kicheko kiliishia njiani kwa maumivu. Demetria alichemsha majani ya mwarobaini, akayaacha yapoe, akamwosha unyayo mara tatu. Akabonyeza mpaka usaha kidogo ukatoka, akapaka asali safi ya Tabora, akafunga kitambaa kilichochemshwa. Halafu akamwita Shamimu aje karibu.

"Lete mkono wako. Hapana, si kiganja, viganja vyako vimezoea sufuria. Weka mgongo wa vidole. Unasikia hapa? Moto. Panda juu. Moto. Panda tena. Na hapa?"

"Hapa baridi."

"Umeona? Pale moto unapoishia ndipo mstari unapokaa."

Akachora, chini kidogo ya kifundo, kutoka upande mmoja hadi mwingine. Shamimu alitazama mstari ule akakunja pua.

"Mama Gaudens, jamani, mkono wako mzito. Mstari umepinda kama mkia wa panya. Ungeniachia mie."

"Hii si harusi. Haya, nisikilizeni nyote wawili. Ndani ya mstari ni pangu. Moto ukitoka nje ya mstari, ni pa daktari. Usiku, mchana, msinisubiri."

"Tumesikia," alisema Shamimu, naye alikuwa amesikia kweli. Akamegewa kipande cha mkaa kibaki nyumbani. Demetria hakukumbuka baadaye kwa nini alikiacha. Labda kilikuwa tu mkononi mwake, na mikono yake ilitaka kushika kitu kingine.

Talha alifungua kinywa. "Shemeji, nakushu..."

"Wee! Koma!"

Wote watatu wakacheka. Adhana ya alasiri ilikuwa inaanza msikitini, na Demetria alipotoka alimsikia Talha akiomba aletewe maji.

Jioni ile simu ilitoka Boko. Binti yake Clara alikuwa amejifungua, mtoto wa kike, kwa upasuaji, na mama mkwe alikuwa bado yuko Rombo. Demetria alifunga nguo zake. Alfajiri ya Alhamisi, kabla hajaondoka, alipita kwa jirani. Talha alikuwa ameshaswali, ameegemea ukuta. Demetria alisimama mlangoni tu na mzigo wake, akatazama mguu kwa mbali. Mstari ulikuwepo. Ulionekana mweusi kuliko jana na umenyooka vizuri, naye hakujiuliza kwa nini.

"Uko palepale?" aliuliza.

"Uko palepale," Shamimu alisema. "Nenda kamuone mjukuu. Sie tupo."

Boko ni upande mwingine kabisa wa jiji. Demetria alimwosha mtoto, akampikia Clara mtori, akafua. Kila jioni alipiga simu.

Alhamisi Shamimu alisema: "Anaendelea. Namwosha majani kama ulivyosema. Moto haujavuka mstari."

Ijumaa: "Kachoka, kaswalia nyumbani. Lakini moto haujavuka mstari."

Jumamosi sauti ya Shamimu ilikuwa ndogo kidogo. "Leo kashikwa na baridi. Kajifunika mablanketi mawili na joto hili."

Demetria alikaa chini kwenye ukingo wa kitanda. "Baridi ya kutetemeka?"

"Kidogo."

"Mama Mudathir, nieleze vizuri. Moto umevuka mstari au haujavuka?"

"Haujavuka hata unywele. Nauangalia mstari kila swala, shoga yangu. Kila swala."

Demetria alipumua. Aliwaza juu ya homa za malaria zinazozunguka mitaani wakati ule wa mvua. Aliwaza juu ya bidii ya jirani yake, mtu anayeuangalia mguu wa mumewe mara tano kwa siku, akamwombea heri. Kati ya baridi na mkaa, aliuamini mkaa.

Jumapili alihudhuria misa ya kwanza hukohuko Boko, akarudi Vingunguti kabla ya saa sita. Hakupitia kwake. Aliingia kwa jirani moja kwa moja, akasema hodi akiwa ameshafika ndani.

Talha alikuwa amelala ubavu, midomo mikavu, anazungumza na watu wasiokuwepo kuhusu ng'ombe aliyekata kamba. Shamimu alikuwa anampepea. Alipomwona Demetria, uso ulimng'aa kwa matumaini.

"Afadhali umekuja. Homa imempanda usiku kucha. Lakini moto haujavuka mstari, tazama mwenyewe." Akaifunua shuka.

Mstari ulikuwa chini ya goti.

Ulikuwa mzuri. Ulizunguka mguu mzima, mwembamba, mweusi, sawasawa pande zote, mfano wa kikuku kwenye mguu wa bibi harusi. Chini yake ngozi ilikuwa imetanuka, imeiva, na kutoka kifundoni mpaka pale mstarini hapakuwa na mahali pa baridi hata pa kuweka kidole kimoja. Juu ya mstari, baridi. Kweli moto haukuwa umevuka.

"Nani kachora hapa?" Demetria aliuliza, na sauti yake mwenyewe ilimtisha.

"Mie. Akitawadha anajimwagia mpaka gotini, unafutika. Kwa hiyo akimaliza kuswali natafuta kwa vidole kama ulivyonifundisha, pale moto unapoishia, nauchora tena." Shamimu alimtazama. "Nimekosea?"

Demetria aliuona ukuta uliotenganisha nyumba zao, na bomba lililokuwa nyuma yake, na miaka ishirini na miwili ya maji. Kule Muleba kwa bibi yake mstari wa mkaa ulikaa siku tatu, nne, kwa sababu hakuna aliyeuosha mguu wenye kidonda bila sababu. Hapa palikuwa na sababu mara tano kwa siku. Adhana aliisikia kila siku, hata ilipoanza alisali sala yake ndogo, Malaika wa Bwana, akifurahi kwamba jirani zake nao wanasali. Aliijua adhana kama sauti. Hakuwahi kufikiri kwamba ilikuwa maji pia.

"Tafuta bajaji," alisema. "Sasa hivi. Usibebe kitu."

Hospitalini walipokewa haraka. Daktari alikuwa msichana mwenye miwani, mpole, mwenye macho ya mtu aliyekesha. Alipima sukari, akatikisa kichwa. Sukari ilikuwa juu sana, na Talha hakuwahi kujua kama anayo. Wakamtundikia maji na dawa. Kisha daktari akachomoa kalamu mfukoni, akapitisha vidole juu ya mguu wa Talha, na Demetria akaona kwa macho yake daktari wa serikali akifanya kile alichokifanya bibi yake aliyekufa bila kujua kusoma. Akachora mstari mahali joto linapokoma. Akaandika saa pembeni yake.

"Mama," alimwambia Shamimu, "mstari huu usifutwe. Ukififia, usichore mwingine, mwite nesi. Tunataka kuona kama ugonjwa unapanda. Tukiuhamisha mstari hatutajua."

"Sawa, daktari," alisema Shamimu.

Aliunyoosha mkono wake wa kulia akautazama, ule wenye vumbi la mkaa kwenye kucha. Halafu akauingiza chini ya mtandio. Demetria aliyaona yale, lakini alijiambia kwamba Shamimu amechoka, hajaelewa. Akamwomba Mungu iwe hivyo. Ee Bwana, kama ni lazima mmoja wetu ajue, niache nijue mie peke yangu.

Jumatatu mchana moto ulikuwa umeupita mstari wa kalamu kwa vidole viwili. Wakasema wataukata mguu kesho asubuhi, ili kuokoa mtu. Talha alizinduka kidogo jioni ile. Alimwona Demetria miguuni pake.

"Shemeji. Wanasema wanachukua mguu."

"Wachukue, mtani. Utabaki na mwingine wa kuchezea ngoma."

"Mmoja tu?" Akafumba macho. "Basi nitakuwa nacheza nusu."

Asubuhi ya Jumanne hakufikishwa chumba cha upasuaji. Moyo ulisimama saa moja na robo, mkewe akiwa amemshika mkono na kumsomea shahada sikioni. Demetria alikuwa ukumbini kwenye benchi, na rozari yake ilikuwa kwenye fumbo la tatu la uchungu. Aliposikia kilio cha Shamimu, vidole vyake vilisimama kwenye punje ileile. Kwa siku nyingi baada ya hapo, kila aliposali rozari, alifika punje ile akashindwa kupita.

Talha alizikwa baada ya alasiri, siku hiyohiyo, na wachunaji wenzake walijaa barabarani mpaka magari yakasimama.

Mudathir, mtoto wao wa pekee, fundi wa majokofu huko Mwanza, aliwahi maziko kwa ndege. Siku ya pili ya msiba Demetria alikuja na sufuria ya ndizi, akijua ni zamu ya majirani kupika. Kijana alimsimamisha mlangoni. Macho yake yalikuwa mekundu. Wanawake waliokaa kwenye mkeka ndani waligeuza shingo.

"Shikamoo, Mama Gaudens."

"Marahaba, baba. Pole sana."

"Hiyo shikamoo ni ya mwisho. Umenilea, siwezi kukuvunjia heshima, ndiyo maana nimeanza nayo. Daktari kasema baba kaletwa kachelewa siku tatu. Siku tatu! Siku tatu alikuwa anaoshwa majani yako. Majani yako yamemla baba yangu. Naomba usiingie humu."

Ndege ilipita juu ya mabati. Katika kelele zile Demetria alikuwa na nafasi ya kufikiri, na jibu alilokuwa nalo lilikuwa la kweli. Niliwaambia waende hospitali moto ukivuka. Mama yako alikuwa anauhamisha mstari. Maneno machache tu. Yangemsafisha mbele ya mkeka mzima. Nyuma ya bega la Mudathir alimwona Shamimu, amekaa pembeni na kanga nyeupe, ameinamisha kichwa. Kama maneno yale yangetoka, yangekwenda kukaa kwa mwanamke yule mpaka siku ya kufa kwake, na mtoto wake angekuwa wa kwanza kuyashika.

Ndege iliishia mbali.

"Ni kweli, baba," Demetria alisema. "Nilikosea." Akaiweka sufuria kizingitini, akarudi kwake.

Habari ilienea. Uchochoro ule ule uliokuwa unapanga foleni uani kwake ukaanza kupita upande wa pili. Mama mmoja alimpeleka mwanawe mwenye jipu duka la dawa, akipita mbele ya mlango wa Demetria na kumkokota mtoto kana kwamba kuna mbwa. Wengine walimtetea, wakasema kifo ni amri ya Mungu. Hilo lilimuuma zaidi, kwa sababu alijua pale alipokosea. Mwarobaini ukaangusha majani, hakuyafagia. Makopo ya mshubiri yalikauka.

Alikwenda kanisani katikati ya wiki, wakati hakuna watu, akapiga magoti. Hakuomba kusamehewa. Alikuwa na swali, na alilirudia kwa namna nyingi: Ulinipa masikio, nikasikia wenzangu wakikuita mara tano kwa siku, nami nikaona vizuri. Kwa nini sikuuliza wanakujia vipi? Kwa nini sikuwahi hata kuchungulia? Alibaki palepale mpaka mfagiaji alipomwomba asogeze miguu.

Usiku ukuta ulikuwa mwembamba. Alimsikia Shamimu akikohoa, akijigeuza. Shamimu alikuwa eda, haruhusiwi kutoka bila dharura, na Demetria alikuwa amekatazwa kuingia. Wanawake wawili waliokuwa wakigongeana ukuta kwa kata kwa sababu ya chumvi tu, sasa walilala hatua mbili tu baina yao na hakuna aliyebisha.

Siku moja baada ya arobaini hodi ilipigwa. Alikuwa Mudathir. Alikuwa amekuja kwa hitma ya baba yake na bado hajarudi Mwanza. Alisimama uani, akatazama majani yaliyojaa chini ya mwarobaini, akakosa pa kuweka mikono.

"Shikamoo, mama."

Demetria alishika mlango. "Marahaba, baba."

"Mama anakuita. Kaniambia yote jana. Mimi..."

"Usiseme."

"Ulinyamaza."

"Nenda kamwambie nakuja. Nijifunge kanga."

Chumba kilikuwa na mwanga mdogo, pazia limeshushwa. Shamimu alikuwa mkekani. Mikono yake, ambayo Demetria hakuwahi kuiona bila rangi ya hina vidoleni, ilikuwa mitupu, imekuwa kama ya mtu mwingine. Demetria alikaa mbele yake.

"Mara kumi na tisa," Shamimu alisema.

"Nini?"

"Nilichora mara kumi na tisa. Nimezihesabu kwa swala. Kuanzia alasiri ya Jumatano mpaka alfajiri ya Jumapili. Kila mara nilisema bismillahi, nikachora vizuri." Alisema bila kulia. "Nilijua palepale hospitali. Daktari aliposema usichore mwingine. Nilijua, nikauficha mkono. Halafu mwanangu akakufukuza mbele ya watu, na mie nimeinama, nimenyamaza. Umekula lawama yangu siku arobaini, Mama Gaudens."

"Si yako. Nani alikwambia mstari unakaa pale moto unapoishia? Mie. Nilikwambia pa kuuweka, sikukwambia kwamba haupaswi kuhama."

"Na mie sikuuliza."

"Ungeulizaje? Mkono wako kazi yake ni kurudishia kilichofutika."

Shamimu alifunika uso kwa mtandio. Mabega yalitetemeka, na sasa alilia, kilio cha chini kisicho na sauti, kile ambacho watu hulia wakiwa wamechoka kulia. Demetria alisogea akamshika. Alitaka kumwambia kwamba sukari ile ingemuua Talha hata hivyo. Lakini hakulijua hilo kwa hakika, na mahali pale hapakuwa pa kusema kitu usichokijua. Basi alimshika tu.

"Shehe kaniambia," Shamimu alisema baadaye, akijifuta, "mgonjwa wa vile angeweza kutayamamu, asiguse maji kabisa. Talha alikuwa anajua. Nilimwambia Alhamisi, pumzisha mguu. Akaniambia, mke wangu, miaka thelathini nimekuwa kwenye damu na kinyesi cha ng'ombe, maji ya udhu ndiyo yananifanya mtu. Ningemnyimaje?"

"Usingeweza."

"Nisingeweza."

Shamimu alinyanyuka, akafungua sanduku lake la kazi lililokuwa limefunikwa kwa kitambaa pembeni. Akatoa kichupa kidogo cha piko, kimejaa, na njiti yake nyembamba iliyochongwa. Akakiweka kwenye kiganja cha Demetria na kumkunja vidole.

"Chukua. Kabla ya msiba nilikuwa nimekinunua kwa harusi ya Tandika. Sipambi tena mpaka eda iishe, na hata ikiisha sijui kama nitapamba. Hii unaichora kwenye ngozi isiyo na kidonda, pale moto unapoishia. Mtu atawadhe atakavyo, aoge, afue. Wiki mbili haitoki." Akalitazama sanduku. "Ilikuwa humu sandukuni siku zote nne. Hatua tatu kutoka kwenye mguu wake."

Demetria alikitazama kichupa. Neno lile alilowakataza watu miaka yote likamjia mdomoni lenyewe.

"Shoga yangu, a..."

Shamimu aliweka vidole vyake mitupu juu ya midomo ya jirani yake.

"Dawa haishukuriwi," alisema.

Wakakaa hivyo. Nje adhana ya alasiri ilianza, na Shamimu akanyanyuka taratibu, akashika kopo, akaenda uani. Demetria alibaki mkekani na piko mkononi, akasikiliza maji. Aliyasikia yakianza mikononi, yakapanda usoni, yakatulia kidogo, yakashuka mpaka miguuni: wa kulia, kisha wa kushoto. Aliyasikiliza mpaka tone la mwisho.